Kuegesha karavani kambini bila kuigonga: hatua kwa hatua

Karavani, yaani kile chumba cha kulala chenye magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari, inaweza kutoka Tunduma hadi Iringa, zaidi ya kilomita 400, ikapishana na malori, ikavuka matuta ya kila kijiji, isipate hata mkwaruzo. Halafu inaingia geti la kambi, inatembea kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kusimama, na hapo ndipo inapasuka ubavu. Nimeyaona haya mara nyingi mno, na kila mara yananiuma, kwa sababu ni hasara ambayo ingeepukika kwa dereva kushuka na kuangalia kwa dakika tano.

Mimi hupokea wageni kwenye kambi nje kidogo ya mji wa Iringa. Kabla ya hapo nilivuta tela la mizigo kwa pikapu kati ya Mafinga na Mbeya. Karavani nyingi tunazozipata zinatoka Afrika Kusini na Namibia kupitia Zambia, lakini siku hizi wapo pia Watanzania wanaokuja na zao, na wengine wana matela yenye hema juu. Ninayoeleza hapa yanahusu yote yanayovutwa nyuma ya gari na kulaliwa ndani, na nayaandika kwa ajili ya dereva na pia kwa kijana wa kambi anayesimama nyuma kumwelekeza.

Jambo moja lieleweke kwanza. Ubavu wa karavani si bodi ya daladala. Ni bati jembamba la alumini au ganda la faiba, ndani kuna povu na mara nyingi fremu ya mbao. Madirisha mengi ni plastiki ngumu, si kioo. Ukigonga kona hata kidogo, kiungio kinafunguka, maji ya mvua yanapenya, na mbao inaoza kimyakimya usione kitu mpaka ukuta ubonyee kwa kidole. Mafundi wa kuchomelea tunao kila mji, lakini dirisha la karavani au taa yake ya nyuma, mimi sijawahi kuvipata Mafinga wala Mwanjelwa, Mbeya. Vinaagizwa, na safari inaishia hapo.

Hatua ya kwanza: simama getini, shuka, tembea kwa miguu

Usiingie na gari kwanza. Acha karavani pembeni mwa njia, funga breki, tembea mpaka pale utakapolala, kisha rudi kwa njia ileile ukiitazama kwa upande wa pili. Unatafuta vitu vitatu: vya chini, vya ubavuni na vya juu.

Vya chini ndivyo vinavyofichwa na nyasi: mawe, visiki, mabomba ya maji yaliyosimama kimo cha goti, vigingi vya mahema ya wenzako. Huku Iringa mawe ya asili yanachomoza ardhini popote, na jiwe la kimo cha kiatu linatosha kupinda mguu wa karavani au kung'oa bomba la maji machafu lililo chini ya sakafu. Uliza pia karo la choo liko wapi. Mfuniko wa karo umejengwa kubeba watu, haukujengwa kubeba tani moja na nusu ya karavani, na ukifunikwa na majani makavu hauonekani kabisa.

Vya juu ndivyo wanavyosahau hata madereva wazoefu, maana ukiwa ndani ya pikapu huwezi kuliona paa la kitu kilicho nyuma yako kirefu kuliko gari lako. Mimi natumia mwanzi. Huku kwetu mwanzi haukosekani. Mgema ulanzi yeyote atakupa mmoja. Pima kuanzia ardhini hadi sehemu ya juu kabisa ya karavani, yaani kifuniko cha tundu la hewa au kiyoyozi kama kipo, si paa tupu. Ongeza shibiri moja, kata mwanzi hapo. Sasa tembea nao umeusimamisha wima katikati ya njia, kisha kushoto, kisha kulia. Ukigusa majani, hakuna neno. Ukigusa tawi la unene wa kidole gumba, simama: tawi hilo litang'oa kifuniko cha tundu la hewa, na usiku mvua itakulalia kitandani. Angalia zaidi miparachichi, kwa kuwa ikiwa na matunda matawi yake hushuka, na yaliyopitika mwezi uliopita leo hayapitiki.

Nyaya za umeme usizipime kwa mwanzi, hasa mwanzi mbichi. Simama mbali, kadiria kwa macho, na ukiwa na shaka omba sehemu nyingine.

Kisha ardhi. Kanyaga kwa kisigino, ukizungushe. Kikizama, tairi pia litazama. Udongo mwekundu wa Mufindi baada ya mvua ya Machi unateleza kama sabuni hata pale unapoonekana mgumu, na mchanga wa Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa unaonekana laini na mzuri mpaka uegeshe juu yake na kulala. Mvua za nyanda hizi zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, mara nyingine Mei. Katika miezi hiyo mimi humpa mgeni wa karavani sehemu iliyo jirani na barabara ya changarawe, hata kama mandhari yake si mazuri, nami humweleza kwa nini.

Hapa pana jambo la tahadhari. Ukiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kambi hazina uzio, na tembo hupita katikati ya mahema kana kwamba ni njia yao, kwa sababu ni njia yao kweli. Kule usishuke kabla ya kutazama pande zote kwa utulivu ukiwa ndani ya gari, na usitembee mbali kukagua peke yako. Mwombe askari wa hifadhi au mhudumu wa kambi. Na fika mapema. Karavani haipangwi gizani popote, na Ruaha zaidi.

Hatua ya pili: patana na mwelekezaji wako kabla injini haijanguruma

Hii ndiyo hatua ninayoiwekea mkazo kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka wangu wa pili kambini alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, na mkewe na wajukuu wawili. Karavani aliazimwa na rafiki yake. Alikuwa dereva makini kabisa. Mimi nilisimama nyuma kumwelekeza: twende, twende, twende. Nikaona kona ya nyuma inakaribia bomba la maji. Nikapaza sauti: "Basi! Basi, mzee!" Yeye kwenye usukani akasikia "basi, mzee," kama mtu anayemwambia kila kitu kiko sawa, aendelee. Akarudi hatua moja zaidi. Bomba likakatika, maji yakaruka juu, taa ya nyuma ikapasuka na ubavu ukaingia ndani kama sufuria iliyodondoka. Alishuka, akapapasa pale palipobonyea kwa kiganja, akanigeukia kwa upole: "Mwanangu, si ulisema basi?"

Nilisema basi. Tangu siku hiyo neno hilo halitumiki nikiwa naelekeza gari. Halitumiki pia "haya" wala "sawa," kwa kuwa yote mawili yanaweza kuwa "endelea" au "inatosha," kutegemea masikio ya anayesikia. Tunabaki na maneno matatu tu:

"Twende" – rudi taratibu.
"Nyoosha" – usukani uwe sawasawa.
"Simama" – kanyaga breki papo hapo, hata kama hujui kwa nini.

Na kuhusu kushoto na kulia: kushoto kwa nani? Anayeelekeza hugeukageuka, na akilipa gari mgongo, kushoto kwake ni kulia kwako. Sema "upande wa dereva" na "upande wa abiria," nao haubadiliki hata mkigeukiana mara ngapi. Mkiwa na kitu kinachoonekana na wote, tumieni hicho: "mkia uende upande wa choo," "mkia uende upande wa mto." Napenda hii zaidi. Mtu anaijua mahali anapopeleka karavani kuliko anavyojua mkono wake akiwa na wasiwasi.

Mwelekezaji awe mmoja. Tabia yetu ya kusaidiana ni nzuri, lakini ikifika karavani hujitokeza watu watano, kila mmoja na sauti yake, na dereva anamtii mwenye sauti kubwa badala ya mwenye macho. Wa pili aruhusiwe kusimama upande wa abiria, ambako dereva haoni vizuri, na kazi yake iwe neno moja tu: simama. Wengine, tafadhali, wakapike chai. Watoto washikwe mkono na mtu mzima aliyetajwa kwa jina, si "waangalieni watoto," maana la wengi halina mwenyewe.

Mwelekezaji asimame nyuma upande wa dereva, hatua chache kutoka kona ya karavani, pale uso wake unapoonekana kwenye kioo cha pembeni. Asisimame kamwe kati ya karavani na mti, ukuta au jiwe. Na sheria ya dereva ni hii: akitoweka kwenye kioo, simama. Usimtafute huku gari linatembea.

Ukiwa na filimbi, itumie kwa "simama" pekee. Injini ya dizeli inameza sauti ya mtu, haimezi filimbi.

Hatua ya tatu: kupita getini na kwenye kona

Tela hukata kona ndani zaidi kuliko gari. Ukikunja mapema, gari litapita na tairi la karavani litapanda msingi wa nguzo. Kwa hiyo nenda moja kwa moja mpaka nguzo ya geti iwe imepita bega lako, ndipo uanze kukunja, tena taratibu, ukitazama tairi la karavani kwenye kioo cha upande unaokunjia.

Hilo madereva wengi wanalijua. Wasilolijua ni mkia. Sehemu ya karavani iliyo nyuma ya tairi hutoka nje kwa upande ulio kinyume na kona. Unakunja kulia, mkia unaenda kushoto. Karavani ndefu ikikunjwa kwa ukali, kona yake ya nyuma inaweza kutoka sentimita 30 au zaidi nje ya mstari wa tairi, na kwa kuwa wewe unatazama upande wa kulia, unasikia tu mlio upande wa kushoto. Jaribu hili mahali pa wazi: weka ndoo tupu ya plastiki kiganja kimoja kutoka kona ya nyuma upande wa abiria, kisha nenda mbele ukikunja yote upande wa dereva. Ndoo itaanguka. Mimi humwonyesha kila kijana mgeni wa kazi jambo hili kwa ndoo, kwa sababu kwa maneno haamini.

Dawa yake ni nafasi na mstari ulionyooka. Ukiwa umeegesha kando ya mti au ukuta, nenda mbele moja kwa moja kwanza mpaka mkia uvuke kile kitu, ndipo ukunje. Ikiwa hakuna nafasi ya kwenda mbele, basi hapo si mahali pa karavani yako.

Hatua ya nne: kurudi rivasi

Karavani ikirudi nyuma hufanya kinyume cha usukani, na hapo wengi huchanganyikiwa. Njia rahisi ni kushika usukani kwa mkono mmoja upande wa chini kabisa. Mkono ukienda kulia, mkia wa karavani unaenda kulia. Mkono ukienda kushoto, mkia unaenda kushoto. Huna haja ya kufikiri zaidi ya hapo.

Sisi usukani wetu uko kulia, kwa hiyo panga kurudi ukiwa unakunja upande wa kulia, ambako unaweza hata kutoa kichwa dirishani ukaona tairi. Hii maana yake ni kwamba uikaribie sehemu yako ikiwa kulia kwako. Kama kambi ina njia ya mzunguko, zunguka tena. Dakika tatu za kuzunguka ni nafuu kuliko kurudi kwa upande usiouona.

Pita sehemu yako kwa urefu wa karavani nzima hivi, nyooka, kisha anza kurudi. Sogeza usukani kidogo, subiri karavani iitikie, rudisha. Kosa kubwa ni kukata usukani wote mara moja. Karavani inachelewa kuitika, unaongeza, halafu inaitika yote kwa pamoja na kujikunja kama panga la kukunja, kona yake ya mbele ikavunja taa ya gari lako mwenyewe. Ukiona katika kioo kimoja karavani inazidi kuwa kubwa, elekeza usukani kwenye kioo hicho, itanyooka. Ikiwa imeshajikunja sana, usijaribu kuiokoa kwa kurudi. Nenda mbele mita chache, nyooka, anza upya. Mwanzo mpya si aibu. Nimeshuhudia dereva wa miaka mingi akianza mara saba, naye akaegesha bila kugusa jani.

Ukiwa na gari lenye gia ndogo ya kupanda milima, itumie. Gari litatambaa bila kukanyaga mafuta na klachi haitaungua. Na kama karavani ni ya zamani na inakataa kurudi, inakaza kama imefungwa, usilazimishe kwa mafuta. Breki zake zinafanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, karavani inalisukuma na breki zinashika. Ukirudi nyuma nazo zinadhani unapunguza mwendo. Zile za kisasa hujiachia zenyewe, lakini za zamani zina kiwiko au kipini cha kuzifunga kwenye kichwa cha tela. Kifunge kabla ya kurudi nyuma, na ukumbuke kukifungua kabla ya kuingia tena barabarani.

Hatua ya tano: kusukuma kwa mikono, na tope

Gari likishindwa kufika, sisi tunaita vijana. Ni sawa, lakini waambie wapi pa kushika. Wasisukume ubavu, dirisha, mlango wala taa. Kiganja cha kijana mwenye nguvu kinatosha kuacha shimo kwenye bati. Washike mhimili wa chuma wa mbele, ule wa kuvutia, au fremu ya chini. Mtu mmoja abaki na kazi ya breki ya mkono ya karavani, na mwingine awe na jiwe au gogo tayari nyuma ya tairi. Kwenye mteremko usikubali kabisa ifunguliwe kutoka kwenye gari ndipo isukumwe. Watu kumi hawawezi kuizuia karavani iliyoanza kuteremka, na mmoja wao huwa amesimama nyuma yake.

Ikizama kwenye tope, acha kuzungusha tairi mara ya kwanza tu unapoona linazunguka bure. Fukua mbele ya tairi, tandika changarawe au matawi, kisha vuta taratibu kwa mstari ulionyooka.

Hatua ya sita: kuifunga mahali pake

Kwanza mawe au vigingi vya tairi, ndipo breki ya mkono. Karavani nyingi zenye breki za kujiachia zinaweza kurudi nyuma kidogo hata baada ya kuvuta breki, mpaka ishike sawasawa. Kidogo hicho kinatosha kugonga mti ulio nyuma. Ndipo ushushe gurudumu dogo la mbele, uchomoe waya wa taa na kamba ya usalama, kisha utenganishe.

Miguu minne ya pembeni ni ya kuzuia isitikisike. Si jeki. Ukiitumia kunyanyulia karavani inapinda, na fremu inapinda nayo. Kama upande mmoja uko chini, pandisha tairi juu ya ubao kabla hujashusha miguu.

Na neno kwa wanaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kuona maua kati ya Desemba na Aprili: barabara ya kupanda kutoka Chimala, ile ya kona Hamsini na Saba, si ya karavani. Iache kambini huku chini, panda na gari peke yake.

Siku ya kuondoka

Hapa ndipo watu huharibu walichokilinda wiki nzima, kwa sababu ya haraka ya kuwahi njia. Zunguka karavani mara moja kwa mguu, mkono ukigusa kila kitu: miguu minne juu, ngazi ya mlangoni ndani, madirisha na matundu ya paa yamefungwa, waya wa umeme umechomolewa, gurudumu dogo limepandishwa na kukazwa. Ondoa mawe ya tairi mwisho kabisa, baada ya gari kuunganishwa. Chukua tena ule mwanzi upime njia ya kutokea, maana mvua ya usiku inashusha matawi.

Nenda mbele mita mbili tu, moja kwa moja. Simama. Shuka, rudi pale ulipokuwa umelala, tazama ardhini. Mara nyingi utakuta kigingi, kamba au kikombe cha mtoto, na mara mojamoja waya wa umeme ambao kila mtu aliapa kwamba ameuchomoa.